Usimwambie mtoto afungue kinywa tu

Juma lililopita nilikaa nyuma ya darasa moja la materneli, shule ya awali, hapa Goma, wakati wa kuimba, nikamsikia mwalimu kijana akimwambia mtoto: "Wewe fungua kinywa tu, usitoe sauti." Moyo ulinipasuka. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Basi, walimu wadogo zangu, sikilizeni kabla sherehe ya kufunga mwaka haijafika.

1. Pigo la wimbo lianzie miguuni. Tembeeni, rukeni, simameni, ndipo mpige makofi. Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, alipokuwa akifundisha kwenye konservatuari, chuo cha muziki, ya Geneva aliwakuta wanafunzi hodari wa noti za karatasini, lakini miili yao haishiki pigo. Na hao walikuwa wakubwa! Wa miaka minne unamwandikia noti ubaoni za nini?

2. Mchezo wa kupitisha mawe kwa kufuata pigo: msiokote makoro, yale mawe makali ya volkano, uani. Yanachubua vidole, na mtoto aliyechubuka analinda kidole, pigo analiacha. Tumieni vizibo vya chupa, na mvihesabu kabla darasa halijatoka, maana huishia mdomoni.

3. Anzeni na noti mbili tu, so na mi, kama wafanyavyo watu wa Kodály, yule mwanamuziki mwalimu wa Hungaria. Mliolelewa na solfeji ya Kifaransa, ambamo do haihami, mtanung'unika, lakini hapa do inahama, inawafuata watoto. Noti ya la, ile inayotolewa na diapazoni (chuma cha kutafutia sauti), mitetemo 440 kwa sekunde, ifanyeni paa lao, wasiimbe juu yake.

4. Sauti yako, mwalimu mwanaume. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na binti wa miaka mitano, sketi yake ya bluu imekunjwa upindo mara mbili ili aje akue nayo. Kila nilipoanzisha wimbo alinguruma kama mashine ya kusaga, noti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Siku mbili kabla ya sherehe nikamwita pembeni, nikamwambia afungue kinywa tu. Akaitika, "Ndiyo, Mwalimu." Siku ya siku alisimama mstari wa mbele, akawa anafungua kinywa na kukifunga, pigo halimponyoki hata moja, mama yake akimshangilia. Sikuweza kumtazama yule mama.

Watu walipotawanyika, kaka yake mkubwa akatokea langoni. Binti akapaza sauti: "Ya-ya!", ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Silabi ya kwanza so, ya pili mi. Juu, safi, bila kutikisika. Nilibaki nimesimama na ngoma mkononi. Kumbe muda wote nilikuwa nikiimba oktava moja chini yao, kama koo la mwanaume linavyotoa. Wenzake walipandisha wenyewe bila kujua. Yeye alijaribu kunifuata palepale nilipo, shimoni ambako koo lake halifiki. Sikio lake lilikuwa zuri kuliko yote darasani, nami nikalifunga.

Nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi. Akanitazama, akarudi kwenye duara. Muhula mzima hakuimba. Halafu wazazi wake wakahama mtaa.

Kwa hiyo wanaume, imbeni kwa sauti nyembamba ya kichwani, au pigeni filimbi, au mtoto mwenye sauti ya wazi aanzishe. Na yule anayenguruma, mwacheni aite: mama, yaya, jina la mbuzi wa kwao, chochote. Noti atakayoitoa ipokeeni, darasa zima lianzie hapo.