Mkuu, weka chini hiyo tyubu ya silikoni!

Swali lako la rangi gani ya fleya, hizo plastiki pana unazotaka kufunga juu ya matairi ya pikapu yako, na matairi ya upana gani litasubiri siku nyingine. Nimesoma mpaka pale unaposema utazizungushia silikoni pande zote "ili maji yasiingie kabisa", nikashindwa kuendelea.

Ndivyo nilivyoambiwa na mimi. Fundi aliyenifungia fleya kwenye pikapu yangu alitoboa fenda (bati la gari linalozunguka tairi) kwa drili, akakaza skrubu kwenye bati tupu, kisha akapitisha silikoni ukingo mzima: juu, kando, mpaka chini. Akafuta kidole kwenye suruali, akasema, "Hapa hata gharika haipenyi." Nikamlipa huku nachekelea kama bwana harusi.

Maji yalipenya. Tairi linarusha maji kutoka chini kwa nguvu, na fleya inatikisika kila ukipita njia mbovu, kwa hiyo silikoni lazima ibanduke mahali, hata padogo kama ukucha. Padogo hapo panatosha kuingiza maji, hapatoshi kuyatoa. Tope likajikusanya humo ndani likakaa na unyevu hata wiki za jua kali. Nje gari linang'aa, watu wananisifia, kumbe naendesha kisima.

Tena ilikuwa ile silikoni inayonuka siki. Inanuka siki kwa sababu inatoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma kilicho wazi. Drili ilikuwa imeshakata rangi na zinki inayokinga bati kwenye kila tundu. Kidonda kibichi, mtu anakimwagia siki, halafu anakifunga bandeji!

Rangi ilipoanza kuvimba malengelenge juu kidogo ya fleya, nilidhani ni kinyesi cha ndege (cheka tu, nimeshazoea). Nikakwangua, kidole kikazama. Kuvua fleya, skrubu tatu zikaja na vipande vya bati. Fenda za mbele zinafunguliwa kwa bolti, unabadilisha yakaisha, lakini za nyuma ni ubavu wenyewe wa karai la pikapu, pale pa kubebea mizigo. Ikabidi bati likatwe, lichomelewe jipya, lipigwe rangi ubavu mzima. Gharama yake ilizipita fleya zenyewe mara nyingi, usiniulize ngapi. Nilipomrudia yule fundi, akaniambia naosha gari kupita kiasi. Kupita kiasi! Na muuzaji naye aliyeniapia kwamba plastiki haishiki kutu hakudanganya, plastiki yake ipo mpaka leo, nzima kabisa, stoo.

Kwa hiyo: CHINI PASIZIBWE. Maji yataingia utake usitake, kazi yako ni kuyaachia njia ya kutokea. Ukingo wa juu weka ule mpira unaokuja na fleya, basi, na chini yake ubandike kwanza filamu angavu ya kulinda rangi, maana mchanga ukinaswa kwenye mpira unasugua kama msasa. Kama fleya zako zinakubali matundu ya kiwandani, usitoboe kabisa. Ukilazimika kutoboa, lainisha ukingo wa tundu, ondoa vumbi lote la chuma (likibaki juu ya rangi linaota kutu lenyewe), paka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu), kisha rangi, na usubiri ikauke kwelikweli kabla ya kufunga. Fundi akikuambia praima inapoteza muda, chukua funguo zako uondoke.

Halafu zivue angalau mara moja kwa mwaka uoshe nyuma yake. Mimi sikuwahi, ningezivuaje na zimegandishwa?

Ukimaliza kufunga, mwaga maji nyuma ya kila fleya, uiname uangalie. Yasipochuruzika chini, vua uanze upya siku hiyohiyo.