Mafua, kujifukiza na kitunguu saumu: maswali yenu kuhusu dawa za majani

Wiki hii barua karibu zote ni za mafua, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Zingine nimezifupisha.

SWALI: Habari za kazi. Nina watoto wawili, mmoja miaka 6, mwingine miezi 8, wote pua zimeziba na usiku hatulali. Mama mkwe anataka tuwafukize kwa majani ya mkaratusi, sufuria chini, watoto wakae kando yake tuwafunike blanketi, alafu huyu mdogo apewe kijiko cha asali na tangawizi. Anasema ndo dawa aliyolelea watoto wake wote. Kubishana na mkwe siwezi, ila naogopa. Nisaidie. (Mama wa wawili)

JIBU: Pole sana mama, kukesha na watoto wawili siyo mchezo. Mkweo hajatoa hayo mambo hewani, mkaratusi una mafuta yenye kitu kinaitwa sineoli na ndo kinachotoa ile harufu kali, ukivuta unahisi pua imefunguka. Ila tafiti za mvuke kwa wenye mafua zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha faida ya uhakika, mtu anajisikia nafuu kidogo kisha pua inaziba tena. Sasa wewe piga hesabu, nafuu ya dakika chache, na upande wa pili sufuria ya maji yaliyochemka iko kwenye giza la blanketi pamoja na mtoto asiyeweza kutulia. Nimewahi kumhudumia mtoto wa miaka minne aliyefunikwa hivohivo, alikohoa tu, goti likagonga sufuria, maji yote mapajani. Mafua yaliisha ndani ya wiki, kidonda kilichukua miezi na kovu lipo mpaka leo. Kwa hiyo watoto usiwafukize, wote wawili, na hapo sina "labda".

Asali kwa huyu wa miezi 8 hapana kabisa, hata ya kulambisha tu. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, utumbo wa mtoto chini ya mwaka mmoja haujaweza kuzizuia, zinaota humo ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na usidanganyike kwamba ukiichemsha na tangawizi umemaliza kazi, mbegu zile haziuawi na maji yanayochemka jikoni. Huyu mkubwa sawa, mpe nusu kijiko mpaka kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, kwa kikohozi inasaidia kweli, koo linalainika. Mdogo mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na umtilie matone ya maji ya chumvi puani, yale ya duka la dawa, dakika chache kabla ya kunyonya ili aweze kuvuta pumzi.

Kitu kingine, kama kuna kichupa cha mafuta ya mkaratusi nyumbani kiweke juu, mbali kabisa. Mililita chache tu mtoto akinywa anaweza kupata degedege. Na msimpake puani wala usoni. Kuhusu mkweo usibishane, mwombe awe anamsimamia huyu mkubwa na kijiko chake cha asali kila jioni, atakuwa ametibu mjukuu wake na wewe umelala kwa amani.

SWALI: Nina miaka 58, natumia warfarini kwa sababu ya moyo. Mafua yaliponishika nikaanza kusaga kitunguu saumu punje nane na tangawizi na ndimu, nakunywa asubuhi na jioni, leo siku ya tano. Juzi napiga mswaki naona povu limekuwa la pinki. Ni dawa inafanya kazi au kuna shida?

JIBU: Baba yangu, hiyo ni shida, na nimefurahi umeuliza. Warfarini inazuia damu isigande, kitunguu saumu kwa wingi nacho kinapunguza kuganda, na tangawizi nyingi inaweza kuongezea hapohapo. Mchanganyiko huo uache leo. Lakini warfarini usiiache wala kuipunguza mwenyewe, nenda leoleo kwa wanaokupa dawa, waambie idadi ya punje na siku ulizotumia kama ulivyonieleza mimi, wapime INR yako, yaani kipimo cha damu inavyoganda. Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, michubuko bila kujigonga au kichwa kinauma ghafla kwa nguvu, hiyo ni dharura, usisubiri. Kitunguu saumu cha kuungia mboga hakina neno, tunachoongelea ni dozi. Na wasomaji mnaosubiri upasuaji, haya yanawahusu pia, mwambieni daktari mapema.

SWALI: Mimba ya miezi mitatu na mafua. Tangawizi naruhusiwa?

JIBU: Kikombe cha chai ya tangawizi hakina shida dada, hata kichefuchefu kinatuliza. Usigeuze kuwa dozi ya kusaga na kumeza vijiko, na mchanganyiko wa mizizi usiyoijua majina usiuguse kabisa.

SWALI: Nilipewa dawa ya majani ya mafua kwenye chupa, haina lebo. Mwenyewe anasema inamaliza mafua siku moja. Nilikunywa kweli nikapona siku hiyohiyo, homa na maumivu yote kwisha. Kwa nini hospitali hawatoi dawa kama hii?

JIBU: Ndugu yangu, hapo ndo pananitia wasiwasi. Mafua yanaletwa na virusi vya aina zaidi ya 200, hakuna jani wala kidonge kinachovifuta kwa siku moja, mwili wenyewe ndo unavimaliza, kawaida siku 7 mpaka 10. Kitu kinachoondoa homa na maumivu kwa saa chache hivyo ni kazi ya dawa kama parasetamo, na dawa za "asili" zimeshakamatwa mara nyingi zikiwa zimechanganywa na dawa za hospitali kimyakimya, hata steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Ukimeza na vidonge vyako juu yake umezidisha dozi bila kujua na ini ndo linalipa. Muulize ni mmea gani, ni majani au mizizi, amechanganya na nini. Akisema ni siri, mrudishie chupa yake.

SWALI: Ni mimi tena, mama wa wawili. Mkwe amekubali. Ila huyu mdogo naona anahema haraka, nitajuaje kama ni mafua tu?

JIBU: Mama, subiri awe ametulia au amelala, fungua nguo uone kifua, shika saa na uhesabu pumzi dakika moja nzima, siyo nusu. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi mpeleke, kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka chini ya miaka 5 ni 40. Tazama pia chini ya mbavu, kama panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya, au amelegea, toka naye sasa hivi hata kama ni saa nane za usiku.