Swali la Lugha: "Kichocheo cha umeme" huchochea nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia hapa Dodoma. Ikisiri yangu ya Kiswahili nimeipa kichwa "Usanifu wa Vichocheo vya Umeme kwa Uzalishaji wa Haidrojeni Kutoka kwa Maji ya Chumvi". Msimamizi amepigia mstari sehemu tatu bila maelezo: "vichocheo vya umeme", "kutoka kwa" na "maji ya chumvi". Kosa ni lipi?

JIBU: Marahaba. Tatizo kubwa ni "vichocheo vya umeme". Tunaposema kichocheo cha uchumi au cha ukuaji, kinachofuata -a unganifu (hapa "cha") ndicho kinachochochewa. Asiyejua kemia atadhani unaunda kitu cha kuongeza umeme, kumbe umeme ndio unaotumika, na kinachoharakishwa ni kutengana kwa maji. Wapo wanaoikata hiyo -a na kuandika "vichocheo umeme", wakifuata mfano wa "garimoshi". Mimi siipendi: garimoshi tuliliona likitoa moshi, ila hapa uhusiano wa maneno mawili haujionyeshi. "Elektrokatalisti", neno la kukopa lenye maana hiyo hiyo, nalo liachie jarida la wanakemia. Taja kazi yenyewe, "vichocheo vya kutenganisha maji kwa umeme", halafu kuanzia aya ya pili sema "vichocheo" tu.

Kuhusu "maji ya chumvi", mtu wa Dodoma akiyasikia hufikiria kisima kirefu na sabuni isiyotoa povu. Wa Singida ataliona Ziwa Singidani. Wewe unashughulika na bahari, ambayo kilo moja ya maji yake ina wastani wa gramu 35 za chumvi, nyingi yake ikiwa kloraidi, yaani sehemu ya chumvi yenye klorini. Na ugumu wa utafiti wako umo humo. Kwenye anodi, ncha chanya ya umeme panapotakiwa kutoka oksijeni, kloraidi hugombea nafasi na kutoa klorini inayoila ncha hiyo. Kwenye kathodi, ncha hasi inakotoka haidrojeni, misombo ya magnesiamu na kalsiamu hugandia juu ya kichocheo. Ndiyo maana wengi hujaribu misombo ya nikeli na chuma katika myeyusho wa alkali (kinyume cha asidi), ambamo, kwa nadharia, oksijeni huanza kutoka kabla kloraidi haijabadilika, kwa nafasi ya takribani volti 0.48. Basi andika "maji ya bahari", msomaji ajue unapambana na chumvi ipi.

"Kutoka kwa" ni jambo dogo. Huenda na mtu: barua kutoka kwa mjomba. Kwa kitu, "kutoka katika" inatosha. Usikimbilie "kutokana na", maana maji yatasomeka kama ndiyo sababu. Magazeti yameshaizoea "kutoka kwa" hata kwa vitu, kwa hiyo mimi nisingekukatia alama.

Kichwa kingekuwa changu, ningeandika: "Usanifu wa Vichocheo vya Kutenganisha Maji ya Bahari kwa Umeme ili Kupata Haidrojeni". "Usanifu" umeuchagua vizuri, uache hapo hapo. "Ubunifu" siku hizi unabebeshwa kila kitu, hadi mishono ya vitenge.