Usichore saa, chora kivuli

Kwa muda mrefu, kila nilipotaka kuchora wakati, nilichora saa. Saa ya ukutani, saa iliyopasuka kioo, hata mzee aliyeinamia saa. Picha zilipendeza, lakini wakati haukuwamo. Kilichokuwamo ni kifaa cha kuuhesabu tu.

Asubuhi moja niliweka kikombe juu ya karatasi, karibu na dirisha, nikaanza kufuatisha ukingo wa kivuli chake kwa penseli. Nilikwenda polepole. Niliporudi pale nilipoanzia, kivuli kilikuwa kimeshauhama mstari wangu, kimeacha ukanda mweupe mwembamba kama uzi. Nikashika ufutio nirekebishe. Nashukuru sikufuta, maana ukanda ule ndio niliokuwa nikiuhangaikia miaka yote.

Basi nawe usifute. Kiache kikombe palepale, na kila baada ya dakika 10 chora mstari mwingine juu ya karatasi ileile. Ukikisogeza, hata kidogo, umeharibu kila kitu, kwa sababu mabadiliko huonekana tu pembeni ya kitu kilichotulia. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alilijua hilo. Mwaka 1892 na 1893 alilichora kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, katika picha zaidi ya 30, akihama turubai (kitambaa cha kuchorea) moja hadi nyingine kadiri mwanga ulivyogeuka.

Anayenigusa zaidi ni Roman Opałka, mchoraji wa Poland. Mwaka 1965, huko Warsaw, alianza kuandika namba kwa brashi ndogo na rangi nyeupe: 1, 2, 3, bila kuruka. Brashi ilipokaukiwa namba zilififia, akichovya zinang'aa tena, kama mtu anayevuta pumzi. Kuanzia 1972 aliongeza weupe kidogo kwenye usuli wa kila turubai mpya, mpaka akawa anaandika nyeupe juu ya nyeupe. Alipofariki mwaka 2011 alikuwa amevuka milioni tano.

Sikuambii utoe maisha yako yote. Chagua sharti moja dogo utakaloliweza, kisha ulishike hata siku usiyojisikia. Langu ni dirisha lilelile, saa ileile, mstari mmoja kwa siku, kila mmoja na nafasi yake kwenye karatasi ndefu. Siku nilizougua sikuzijazia baadaye. Nafasi zake ziko tupu mpaka leo, na watu wakiitazama karatasi ile, huulizia hizo kwanza.