Mwanangu, anza na sanbon

Mama, marahaba. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa sokoni Mwanga hapa Kigoma kelele tupu sikuelewa kitu, mbili za mwisho nimekaa hapa nyumbani kimya. Kumbe umerudi dojo, kwenye mazoezi ya karate huko Tabora, miaka miwili na nusu tangu ulipobeba mimba ya mjukuu wangu, na unasema kata zote, ile mipangilio ya mapigo, bado unazo ila Jumamosi mlipoingia kumite, kupigana na mwenzako, yule kijana wa mkanda wa kijani kakuchoma ngumi ya gyaku-zuki tumboni mara tatu mfululizo na we mkanda wa kahawia uliye juu yake umesimama tu, macho umefumba. Afu unaniuliza, baba niendelee au gi, nguo yangu ya karate, niikunje niiweke sandukuni.

Endelea. Nimelitanguliza hilo ili haya mengine uyasome umetulia.

Sikia, kata unacheza peke yako, mwili ukishaijua njia haupotei. Kumite ina mtu mwingine na huyo mtu hajakusubiri miaka miwili na nusu. Kinachokufa mapema ni maai, ule umbali wenu wawili, kujua hapa ananifika na hapa hanifiki. Ukiwa kwenye mazoezi wala huwazi, bega lake likicheza tu mguu wako ushatoka. Ukikaa nje jicho linachelewa kidogo na hako kadogo ndiko ngumi inakopitia. Ukipigwa mbili unabana pumzi, mabega yanapanda, mikono inakuwa mizito, basi unarudi nyumbani unasema nimekuwa mwoga. Sikubali. Uoga nilishauona kwa watu na kwangu mwenyewe, mtu mwoga hanitumii voisi ya dakika sita usiku akiuliza afanye nini.

Mi nilikosea, ndo maana nakuandikia kirefu. Nilikaa nje miaka mitatu, we ulikuwa bado mdogo. Nikarudi Jumatatu, Jumatano yake nikaomba jiyu kumite, pambano huru, na mtu mkali kuliko wote pale kwetu Ujiji, nilitaka waone mkanda bado wangu. Nikala mae-geri, teke la mbele, la ubavu, mfupa ukapata ufa, mama yako akawa ananiinua kitandani kila asubuhi. Ubavu ulipona, lakini karibu mwaka mzima mtu akinyanyua goti tu mbele yangu najikunja, na hicho ndicho kiliniuma zaidi mwanangu.

Walionirudisha ni wavuvi. Kulikuwa na vijana wa Katonga na Kibirizi tunafanya nao mazoezi, wanavua dagaa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa kwa hiyo wanakaa nchi kavu siku kadhaa, ndo tunawaona dojo. Yaani wale kila mwezi walikuwa watu wanaorudi! Na mkubwa wao, mtu na mkanda wake mweusi, siku ya kwanza hakugusa jiyu kabisa, alikuwa anaanza na sanbon, zoezi la hatua tatu, kama mkanda mweupe anayeanza, hana aibu hata chembe. Siku ya tatu ya nne humshiki.

Kwa hiyo na we anza hapo. Sanbon mwenzako anakutajia kabisa, jodan ya usoni au chudan ya tumboni, anakuja hatua tatu, unarudi unazuia, ya tatu unajibu. Fanya hiyo wiki mbili tatu, usione ya kitoto, hapo ndipo miguu inapima tena maai kichwa kikiwa kimetulia kwa sababu unajua ngumi inakuja wapi. Kila unaporudi nyuma toa pumzi, itoke mpaka uisikie. Afu ippon, shambulio la hatua moja, afu jiyu ippon ambayo mnatembea wote huru ila shambulio bado linatajwa. Jiyu yenyewe iache mpaka ujione unaitamani, na ukiingia ingia nusu spidi, mkubaliane kabisa.

Hilo la kufumba macho lina dawa yake. Vaa kinga ya meno, mwenzako akupige jodan polepole aisimamishe kabla haijafika, we usizuie, tazama tu. Mara hamsini, kesho tena hamsini. Siku za mwanzo utapepesa, usijigombeze, baadaye jicho linazoea.

Na mwili mama, usiulazimishe. Pumzi inarudi mapema ila mishipa ya kisigino inachelewa, kwa hiyo kamba ruka dakika chache uongeze taratibu. Ukisikia tumbo la chini linavuta au mkojo unakuponyoka ukiruka, usione haya, nenda kamuulize mkunga au daktari, baada ya kuzaa hayo yanawapata wengi na yana mazoezi yake. Mashindano ya shirikisho la karate la dunia mtu mzima ni dakika 3 kwa pambano, hizo dakika utazipata tu.

Sasa yule kijana wa kijani. Usimkwepe, mfanye ndo mwenzako wa sanbon. Mwambie ukweli kwamba umetoka kulea, unarudi, unaomba akupe nusu saa kabla darasa halijaanza. Kijana anayekufikia mara tatu mkono wake ni mzuri, na nadhani atafurahi kuombwa na senpai, mkubwa wake wa dojo.

Mama yako kakufungia dagaa na migebuka mikavu, mzigo unapanda treni ijayo, nenda stesheni na kitambulisho. Humo kuna kifurushi kidogo kimefungwa kwa kamba nyekundu, hicho mpelekee yule kijana wa kijani.