Maswali ya Wasomaji: Ukuu wa Dereva na Uungwana Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, katika gereji yetu hapa Shabab, Nakuru, kazi imelala kwa sababu ya ubishi. Fundi wetu mkuu anashikilia kwamba Michael Schumacher ni dereva mkuu wa langalanga (Formula 1) kwa kuwa alitwaa ubingwa wa dunia mara saba, na kwamba hayo mengine ni porojo. Mimi nasema mtu aliyemgonga mpinzani wake ili asipitwe hastahili sifa hiyo. Tuamulie. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako anazungumzia ustadi nawe unazungumzia uungwana, na ndiyo maana hamkutani. Hata hivyo, hoja yake ya mataji saba haitoshi hata kwa ustadi wenyewe. Juan Manuel Fangio wa Argentina alipata mataji matano katika miaka ya 1950, akashinda mashindano 24 kati ya 51 aliyoanza. Schumacher alishinda 91, lakini alianza zaidi ya 300. Anayehesabu vikombe atamchagua Schumacher, na anayetazama uwiano atamchagua Fangio, wala hakuna kati yao atakayekuwa amesema uongo.

Kuhusu lalamiko lako, tukio lenyewe ni la mwaka 1997 kule Jerez, Uhispania, katika shindano la mwisho la msimu, Schumacher akiwa mbele ya mpinzani wake Jacques Villeneuve kwa pointi moja tu. Villeneuve alipojipenyeza upande wa ndani wa kona, Schumacher alikata usukani kumwelekea, gurudumu lake la mbele likamgonga mwenzake ubavuni, kisha yeye mwenyewe akakwama kwenye kokoto, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure, huku Villeneuve akiendelea hadi nafasi ya tatu na kutwaa ubingwa. FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mchezo huo, lilimwondoa Schumacher katika msimamo wa ubingwa wa mwaka ule. Kwa hiyo hukumu ya kosa lake ilikwisha kutolewa, tena na wenye mamlaka. Hatuna haja ya kumhukumu upya gerejini.

Lakini kabla hujashangilia, mfikirie Ayrton Senna wa Brazil. Mwaka 1990, katika kona ya kwanza kule Suzuka, Japani, alimgonga mpinzani wake Alain Prost, wote wawili wakatoka, naye Senna, aliyekuwa mbele kwa pointi, akawa bingwa. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikuwa amekusudia. Senna huyo huyo, katika mazoezi ya mwaka 1992 kule Spa, Ubelgiji, alimkuta Érik Comas amepata ajali, amezirai ndani ya gari, na injini bado inanguruma. Alisimamisha gari lake barabarani, akakimbia kwa miguu huku magari mengine yakiendelea kupita, akaizima injini hiyo isije ikalipuka moto, kisha akakishikilia kichwa cha Comas hadi madaktari walipofika. Tumwite nani basi, mwungwana au mhuni? Mimi sioni njia ya kumpa jina moja, na ninamshuku kila anayeliona jina hilo kwa wepesi.

Ukitaka mfano ambao hauna doa, mchukue Stirling Moss wa Uingereza. Mwaka 1958, baada ya shindano la Ureno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelishinda, mpinzani wake Mike Hawthorn alikabiliwa na hatari ya kunyang'anywa nafasi ya pili kwa madai kwamba aliliendesha gari kinyume cha mwelekeo wa magari mengine baada ya kuteleza. Moss alikwenda mbele ya waamuzi kumtetea, na Hawthorn akabaki na pointi zake. Msimu ulipokwisha, Hawthorn alikuwa na pointi 42 na Moss 41, ingawa Moss alikuwa ameshinda mashindano manne na mwenzake moja. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia hadi alipostaafu.

Uamuzi wangu ni kwamba fundi wako anasema kweli kuhusu mikono ya Schumacher, nawe unasema kweli kuhusu Jerez, ila unakosea unapotaka kosa hilo lifute ustadi. Ningemwita dereva mkuu bila kusita, na nisingemtaja mbele ya wanafunzi ninapofundisha mchezo safi.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Vijana wangu hawamwoni Joginder Singh wala Shekhar Mehta katika orodha ya mabingwa wa dunia wa mbio za magari. Je, walipungukiwa na nini? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Joginder, mzaliwa wa Kericho, si mbali nawe, hakupungukiwa na chochote ila tarehe. Alishinda Safari Rally, yale mashindano yetu ya rali, mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant kama mwelekezi wa njia garini, katika Volvo PV544 iliyokwisha tumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Taji la dunia la madereva wa rali lilianza kutolewa mwaka 1979, na bingwa wa kwanza alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, ambaye Joginder alikuwa amemshinda katika Safari ya 1974 licha ya kuwa Waldegård aliendesha Porsche.

Habari ya Mehta ni tofauti kidogo. Taji lilipoanza, yeye bado alikuwa akishindana, lakini ubingwa wa dunia hukusanywa nchi baada ya nchi, nazo nguvu zake zilikuwa katika barabara zetu, ambako alishinda mwaka 1973 na kisha mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Vijana waambie wasome pia orodha ya washindi wa Safari, si ya mabingwa wa dunia pekee. Humo watakuta kwamba ushindi huo mara tano haukufikiwa na mtu hadi Carl Tundo, Mkenya pia, alipoufikia mwaka 2018.