Usiviamini Vidole Vyako

Nilikwama nikipiga piano kwa kumbukumbu, katikati ya fuga ya Bach (kipande ambacho sauti kadhaa hufuatana zikirudia wimbo mmoja), mbele ya watahini watatu. Vidole vilikuwa vikijiendea, mimi nawaza mengine, ghafla vikasimama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Mara ya tatu niliinuka, nikainamisha kichwa na kutoka. Fuga hiyo nilikuwa nimeipiga kila siku kwa miezi minne.

Sikuwa mvivu. Tatizo ni kwamba niliipiga kila siku kuanzia mwanzo hadi mwisho, hivyo nilijua mlango mmoja tu wa kuingilia. Ukisukumwa nje katikati, huna pa kurudia.

Siku hizi kila kipande nakigawa sehemu kumi na kitu, kila sehemu na namba yake. Naandika namba kwenye vikaratasi, nachomoa kimoja bila kuangalia, na hapo ndipo ninapoanzia. Kisha napiga mkono wa kushoto peke yake, bila nota, yaani bila karatasi za muziki ulioandikwa. Hapo ndipo uongo wote hufichuka! Mkono wa kulia hubeba wimbo, sikio likauongoza; wa kushoto hauna wa kuusaidia. Kwa fuga naongeza adhabu nyingine: napiga sauti moja huku naimba nyingine. Inachosha kuliko saa mbili za skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi ya sauti.

Desturi ya kupiga bila nota ilienezwa na wapiga piano kina Clara Schumann na Franz Liszt katika karne ya 19, na wapo waliomwona Clara anajidai. Nami kuna siku namlaumu. Lakini ukitaka kuona kumbukumbu iliyokomaa, mtazame mpiga piano Maria João Pires huko Amsterdam mwaka 1999. Alikuja na koncheto moja ya Mozart (kipande cha piano na okestra) kichwani, okestra ikaanza nyingine, na hadhira imeshakaa. Uso wake ulijaa hofu. Riccardo Chailly, aliyekuwa akiongoza, akamtia moyo huku okestra ikiendelea, naye akaipiga ile iliyoanza. Vidole peke yake visingemwokoa.

Kuhusu saa za mazoezi, wanaojisifia saa kumi siwaelewi. Nne zinanitosha, na moja kati ya hizo sigusi piano: nakaa na nota mapajani, nasoma. Mkono ukiuma, funga piano. Robert Schumann, mumewe Clara, aliharibu mkono wake wa kulia akiwa kijana, ndoto yake ya jukwaani ikaishia hapo. Na mashindano ya piano ingia, ila usiyafanye kuwa mpango wa maisha. Lile la Chopin, Warsaw, huja kila baada ya miaka 5, na kodi ya nyumba huja kila mwezi. Jifunze kufundisha mapema.

Fuga yangu niliirudia mwaka uliofuata. Nilipotea tena, ukurasa wa pili, nikarukia sehemu ya saba na kuendelea. Mtahini mmoja aliandika tu kwamba nilikwenda haraka kidogo.